Barabara ya Kadi ya Themanini na Nane

Kwa miaka kumi na moja Zuhura Kibwana aliorodhesha barabara asizozipita. Kila asubuhi alitoka chumbani kwake Mayfair, Johannesburg, akatembea dakika kumi na mbili hadi Fordsburg, akafungua duka la vitambaa alikoajiriwa kupima na kukata, na jioni akarudi kwa njia ileile. Hakuwa na gari wala leseni, na hakuwa na jambo la kumpeleka mbali na mitaa hiyo miwili. Barabara kuu za jimbo zilimfuata yeye mezani, moja baada ya nyingine, zikiletwa na vinywa vya watu wengine.

Watu hao walikuwa madereva wa mizigo midogo, wengi wenye pikapu ndogo ziitwazo kirikuu. Mbele ya duka palikuwa na benchi refu la mbao, na madereva waliokuwa wakingoja mzigo kutoka kwa wauzaji wa jumla walikaa hapo: Watanzania wa Tanga, Dar es Salaam na Unguja, Wakongo wa Kalemie, Bukavu na Lubumbashi, na Mrundi mmoja au wawili. Walibeba unga, mafuta, sabuni na mayai hadi kwenye spaza, yale maduka madogo ya majumbani, za Diepsloot na vitongoji vingine vya kaskazini. Na walibishana. Barabara moja ilikuwa na namba ya serikali, jina la kwenye kibao, jina la zamani ambalo wenyeji hawakukubali kuliacha, na juu ya hayo, majina ambayo Waswahili wenyewe waliipa. Ile R55 inayopita kwenye mazizi ya farasi kule Kyalami, Watanzania waliiita Njia ya Farasi, na Wakongo waliiita Njia ya Majani. Mwenye spaza akipiga simu kusema mzigo uletwe kwa Njia ya Majani, Mtanzania aliuzunguka mji mzima akiitafuta.

Simu zenye ramani wanazo wote. Lakini ramani haijui Njia ya Majani, na dereva anayeshika simu mkononi kwenye roboti, yaani taa za barabarani, kioo kikiwa wazi, kwa kawaida hufika aendako simu ikiwa imeshanyakuliwa.

Siku moja Zuhura aliyasikiliza mabishano hayo mpaka akachoka. Akachukua ubao wa kadibodi, ule ambao jora la kitambaa huzungushiwa, akaukata kwa mkasi wa duka vipande vinane vilivyolingana, akaandika juu ya cha kwanza: *R511*. Hiyo ndiyo kadi ya kwanza.

Hakuanza kwa kubahatisha. Kabla ya kuhamia Johannesburg kumfuata mume, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa karani wa masjala kwa miaka kumi na mitano katika ofisi ya mhandisi wa barabara, Tanga. Huko alijifunza kwamba karatasi isiyo na tarehe ni uvumi, na kwamba karani hafuti neno: hulikata kwa mstari mmoja ili linaloondoka lisomeke, kisha huandika jipya pembeni. Kadi zake zote zilikuwa na mistari tisa: namba ya serikali, jina la kibao, jina la zamani, jina letu, inapoanzia, inapoishia, inakokutana na nyingine, angalizo, na mwisho jina la msemaji pamoja na tarehe aliyosema. Bila msemaji hapakuwa na kadi. Dereva aliyetaka alizisomea papo hapo kwenye kaunta kabla ya kuondoka.

Kati ya kadi mia moja na arobaini, hamsini na mbili zilikuwa na msemaji mmoja: Théodore wa Kalemie.

Huyu alikuwa na miaka hamsini na minane, mwembamba, mwenye kofia ya kitambaa aliyoivua kila alipoanza kutoa habari za barabara, kama aliyeitwa mahakamani. Baba yake alikuwa kantonye, mmoja wa wale watu wa serikali waliopewa kipande cha barabara kukifyeka na kukifukia mashimo. Théodore mwenyewe, akiwa na miaka kumi na tisa, aliwashikia wapima ardhi mwisho wa mnyororo wa kupimia. Alijua barabara kama fundi cherehani anavyojua pindo. Zuhura alipouliza, alijibu. Alipoulizwa inapoanzia, alitaja inapoanzia, wala hakuongeza hata mti ulio jirani. Kwa karani wa masjala, mtu wa namna hiyo ni tunu. Zuhura hakupata kumwambia hivyo, lakini kadi zake aliziandika kwa wino mweusi, za wengine kwa wa buluu.

Ilipoingia Rajabu ya mwaka wa kumi na moja, mpiga chapa mmoja wa Fordsburg alijitolea. Alikuwa na karatasi iliyobaki na mashine iliyolala, na umoja wa madereva wa benchi lile ungeweza kupata kitabu kidogo cha orodha hiyo, nakala mia tatu, kabla hajaanza kuchapa kalenda za Ramadhani. Sharti lilikuwa moja: nakala safi imfikie Ijumaa ya pili. Baada ya hapo mashine ingekuwa ya kalenda, kisha ya kadi za harusi za Mfungo Mosi, na orodha ingengoja mwakani.

Zuhura hakuonyesha furaha. Alinunua kalamu mbili mpya na akaanza kunakili baada ya swala ya alfajiri, kadi kumi na mbili kila siku. Ukurasa wa kwanza aliuacha mtupu kwa ajili ya jina la kitabu na, chini yake kwa herufi ndogo, jina la mwandishi. Alikuwa na miaka hamsini na minne, na hakuwahi kuliona jina lake limepigwa chapa mahali popote isipokuwa kwenye kibali cha kuishi.

Alhamisi, zikiwa zimebaki siku nane, Mansour aliingia dukani akiwa na matope hadi magotini.

Mansour ni wa Tanga pia, mtu wa miaka thelathini na tano, mwenye sauti inayomtangulia mlangoni. Wateja wawili waliokuwa wakichagua kitambaa cha pazia walisogea kando.

"Shangazi," alisema, "kadi ya themanini na nane."

"Ina nini?"

"Ina nyasi, Shangazi. Nyasi hadi kiunoni."

Zuhura aliweka mkasi chini. Kadi ya themanini na nane aliijua bila kuitazama: barabara ya jimbo yenye herufi K na namba yake, inayoanzia R511 upande wa kusini wa Diepsloot na kuishia R55, kilomita kumi na moja. Jina letu: hakuna. Angalizo: hakuna. Msemaji: Théodore.

"Uliingilia wapi?"

"Pale pale ulipoandika! Nimesoma kama Juzuu. Nimekata kulia, lami nzuri, nikasema Mungu ambariki Shangazi, leo nafika kabla ya saa nne. Mita mia mbili, lami imekwisha. Nikasema labda wanatengeneza. Nikaenda. Kirikuu ikazama kama kiboko. Trei sitini za mayai, Shangazi! Nilivutwa na trekta la wauza maua. Wale watu walinicheka mpaka mmoja akakaa chini. Wananiuliza, 'Braza, ulikuwa unakwenda wapi?' Nawaambia R55. Wakaita na wenzao waje wacheke."

Mmoja wa wateja alijificha nyuma ya kitambaa alichokuwa akikipima, mabega yakimtikisika.

"Kaa nikupe maji," Zuhura alisema.

"Sikai, nitachafua. Ila mwambie Papa Théo wako kwamba mimi jambo hili nalipeleka kwa mwenyekiti. Hamsini na mbili, Shangazi! Hamsini na mbili zimetoka kinywani kwake. Zilizobaki nazo ni majani?"

Akaondoka, akiacha nyayo za udongo mwekundu kutoka kwenye kaunta hadi mlangoni. Zuhura alizifuta kwa tambara. Kisha akalitoa sanduku la viatu alimohifadhi kadi, akaitafuta ile ya themanini na nane na kuisoma mara mbili, mstari kwa mstari, akitafuta alipokosea kunakili. Hakuona.

Kikao cha kamati ya umoja wa madereva kilipangwa Jumatano alasiri. Jumapili, duka likiwa limefungwa, Zuhura alimpigia Théodore na kumwomba ampeleke kwenye barabara hiyo.

"Wewe mwenyewe, mama?"

"Mimi mwenyewe."

Alikuja saa tatu, gari limeoshwa, kiti cha mbele kimetandikwa kitenge. Zuhura alikuwa ameweka pajani bahasha yenye kadi ishirini, na waliposhika R511 kuelekea kaskazini alianza kuzitoa. Kadi ilisema roboti tatu kabla ya daraja. Alihesabu, zikawa tatu. Ilisema baada ya kituo cha mafuta njia hupungua kutoka mbili hadi moja bila onyo, ikapungua. Ilisema kibao kimebadilishwa mwaka 2023 lakini watu bado hutaja jina la zamani; na kweli, mvulana wa magazeti kwenye roboti alipoulizwa alitaja la zamani. Ilikuwa kama kukutana na mtu uliyeandikiana naye barua miaka mingi, ukakuta pua yake iko vilevile alivyoisimulia. Zuhura aliitazama barabara, akaitazama kadi, na kila mara aliweka alama ndogo ya penseli pembeni. Théodore aliyaona hayo yote kwa jicho la kushoto.

Kabla ya Diepsloot alikata kulia. Lami ilikuwa nzuri, kama Mansour alivyosema. Ilipita kati ya kuta mbili ndefu za nyumba zenye walinzi na mageti, kisha ikakoma ghafla, ukingo wake umekatwa sawasawa kama mkate. Mbele yake palikuwa na nyasi. Si nyasi za shamba wala za kiwanja: ulikuwa mkanda mpana, mita sitini hivi, uliokwenda moja kwa moja mashariki kati ya kuta za kushoto na kuta za kulia, na mtu hakuwa amejenga hata banda ndani yake. Katikati palikuwa na njia nyembamba ya miguu. Wanawake wawili waliotoka kanisani kwa mavazi meupe walikuwa wakiifuata, viatu mikononi.

Mifereji miwili ya matairi ya kirikuu bado ilionekana, imejaa maji.

Théodore alishuka, akavua kofia. Aliingia majanini hatua kama thelathini, akainama, akapapasa, kisha akampungia mkono. Zuhura akapandisha gauni na kumfuata. Kulikuwa na kigingi cha saruji kilichochomoza kama kiganja kimoja, na juu yake chuma kidogo chenye namba.

"Voilà," alisema Théodore. "Njia iko."

"Iko wapi, Papa Théodore?"

"Hii hapa. Unasimama ndani yake. Serikali iliisha kuipima, ikaipa namba, ikaandika kwa kitabu. Tazama hizi kuta: matajiri wote hawa, hakuna aliyethubutu kuweka tofali. Kwa nini? Kwa sababu njia iko."

"Gari haipiti."

"Gari haipiti, ndiyo." Alisema hivyo kama mtu anayekubali kwamba leo ni Jumapili. "Kule kwetu, kutoka Kalemie kwenda ndani, kuna njia ya taifa ambayo gari haikupita miaka kumi na tisa. Miti imeota katikati, minene hivi. Kila mwaka baba yangu aliandika ripoti yake: kilomita kadhaa, madaraja kadhaa, hali mbaya. Ungemwambia baba kwamba njia ile haiko, angekufukuza kwa fimbo."

Zuhura aliutazama mkanda ule wa nyasi mpaka ulipopotelea kwenye mwinuko.

"Wewe uliipita?" aliuliza.

"Miye? Hapana."

"Miaka minne kadi hii iko sandukuni, na hukuniambia kwamba hukuipita."

"Mama Zuhura." Aligeuza kofia mikononi mwake polepole. "Uliniuliza inaanzia wapi. Nikakuambia. Uliniuliza inaishia wapi. Nikakuambia. Uliniuliza inaitwaje. Hakuna siku uliniuliza kama niliipita. Hakuna mutu aliniuliza."

Hakukuwa na lawama katika sauti yake, na hilo ndilo lililomnyima Zuhura pa kujificha. Alisimama na matope yakiingia viatuni, akazipitia akilini zile karatasi kubwa za Tanga, zile fomu za barabara ambazo wahandisi walizirudisha masjala baada ya safari. Alizikumbuka safu kwa safu. Namba, jina, mwanzo, mwisho, makutano. Na baada ya makutano, safu moja pana kuliko zote, iliyoandikwa kwa miandiko mibaya ya watu waliotoka juani: *Hali, na aliyekagua*. Hiyo hakuwahi kuihitaji. Karani hafungui faili kwa kutafuta hali ya barabara. Hulifungua kwa namba na jina. Alipozikata kadi zake za kwanza, aliandika mistari aliyokuwa akiitumia yeye, na aliyoitumia mhandisi akaiacha Tanga.

"Nyingine ni ngapi?" aliuliza. "Za namna hii."

Théodore hakukasirika. Alitazama juu, akakunja vidole. "Hii. Ile ya upande wa Lanseria, uliipa mia na nne. Na ile ya kusini, inayovuka reli, sikumbuki namba. Tatu. Zile arobaini na tisa nimezipita zote, na ile ya machimbo ya mchanga nilipinduka ndani yake."

"Hilo la kupinduka nalo hukuniambia."

"Uliandika angalizo: kona kali. Nikaona inatosha."

Jumatano kamati ilikutana chumba cha nyuma cha duka la viungo la Othmani. Othmani ni Mzanzibari, mwenyekiti wa umoja, mtu wa maneno machache na mashada mengi ya funguo kiunoni. Magunia ya iliki na mdalasini yalipangwa ukutani, na wajumbe kumi na mmoja walikaa juu ya yaliyojaa sukari. Théodore alikuwa mwisho kabisa, karibu na mlango. Zuhura si mjumbe. Alialikwa kama mwandishi.

Mansour alisimulia mkasa wake upya, na trei za mayai zilikuwa zimefika themanini.

"Njia ya mwongo fupi," alimalizia, akimtazama Théodore.

"Yangu ni ya kilomita kumi na moja," Théodore alijibu, na Wakongo watatu wakaangua kicheko hata Othmani akagonga gunia kwa kiganja.

"Hebu, hebu. Tusikilizane." Othmani alimgeukia Zuhura. "Bibi Zuhura, mpiga chapa ananingoja keshokutwa. Mimi nimelitazama jambo hili nikaona halina uzito. Kadi hii tunaitoa. Na jina la bwana huyu tunalitoa katika zile hamsini na moja, watu wasije wakatia shaka. Maneno ya barabara yanabaki, jina linaondoka. Kitabu kinachapwa, Ramadhani inatukuta tuna raha. Au nimekosea?"

Vichwa kadhaa vilitikisika kukubali. Haikuwa shauri baya. Kitabu kingetoka kwa siku yake, jina la Zuhura likiwa ukurasa wa kwanza, na mtu mmoja tu angerudi nyumbani amepungukiwa: mzee mmoja wa Kalemie, ambaye hata hivyo hakuwa amefungua kinywa kujitetea, kwa sababu hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Zuhura alisimama. Alikuwa amekuja na sanduku la viatu.

"Mwenyekiti, naomba niulize swali moja kabla hamjaamua. Nimuulize Mansour."

"Uliza."

"Mansour, kadi ya thelathini na moja. Ile njia ya kupita nyuma ya viwanda vya matofali. Msemaji ni wewe. Umeipita?"

"Nimeipita!" Mansour alisema. "Mimi? Nimei..." Akasita. "Yaani, naijua."

"Umeipita?"

"Binamu yangu Hashimu kaipita mara nyingi. Kabla hajarudi nyumbani. Alinieleza vizuri sana, Shangazi, mpaka mashimo."

"Mwaka gani?"

Mansour alikuna shingo. "Kabla ya korona."

Kicheko cha sasa kilitoka pande zote mbili, na kilidumu. Mtu mmoja akasema, "Trei ngapi zilivunjika huko?" na Mansour akamtupia ganda la iliki.

Zuhura alingoja watulie. "Papa Théodore hakudanganya, na Mansour hakudanganya. Niliwauliza nilichokuwa najua kuuliza. Kadi zangu zina mistari tisa, zinahitaji kumi. Kosa halimo katika kadi ya themanini na nane, limo katika zote mia na arobaini, na aliyelitia ni mimi. Mkitoa jina la mtu mmoja mkachapa, mtakuwa na kitabu kizuri ambacho hamjui ni ukurasa upi una lami na upi una nyasi. Na mkifuta msemaji, siku mkitaka kujua, hamtakuwa na wa kumuuliza."

"Kwa hiyo unasemaje?" Othmani aliuliza.

"Nasema kisichapwe. Sitakabidhi nakala mpaka kila msemaji ajibu swali la kumi, na zile zisizo na aliyepita, nizipite mimi."

"Bibi, hiyo ni mwakani."

"Ni mwakani."

"Miaka kumi na moja umeijenga nyumba hii," Othmani alisema, si kwa ukali, "na leo umeshika nyundo mwenyewe."

Zuhura akakaa. Walipiga kura kwa mikono: saba kwa kungoja, wanne kwa kuchapa. Mansour alikuwa miongoni mwa wale saba, na alipoulizwa sababu alisema hataki mtu asome kadi ya thelathini na moja. Ijumaa mpiga chapa alianza kalenda zake.

Wangeachana hapo kwa amani, Zuhura na Théodore, kama si kile kilichofuata. Wiki ile ile Zuhura alizitoa kadi tatu za barabara zilizopimwa tu, akazifunga kwa uzi na kuziweka nyuma ya sanduku, nje ya hesabu. Théodore alipopita dukani aliuona ule uzi.

"Ulinitetea mbele ya watu," alisema. "Nakushukuru. Sasa njia zangu umezitia kaburini."

"Zipo, Papa Théodore. Zina fungu lao. Nimeandika juu yake: zilizopimwa, hazijajengwa."

"Nyuma."

"Nyuma, ndiyo. Dereva akifungua mbele anatafuta pa kupita."

"Na siku ile serikali italeta lami?"

"Siku hiyo utanipeleka, nami nitazirudisha mbele kwa mkono wangu."

"Baba yangu angeziacha mahali pake," Théodore alisema, akavaa kofia na kutoka. Hakuja dukani kwa wiki tano. Wengine walisema anapakia mzigo upande wa Newtown siku hizi. Zuhura hakumpigia simu. Kila Jumapili alitoka na dereva mwingine, aliyekuwa na nafasi, na kupita kadi tatu, nne, mara moja saba. Kadi mbili za wino wa buluu zilionekana kuwa za barabara moja. Nyingine ilikuwa na daraja lililochukuliwa na maji na hakuna aliyekuwa na habari. Kati ya za wino mweusi alizozipita hadi kufikia nusu ya Shaabani, hakuna hata moja iliyokuwa na kosa, na hilo lilimfanya ajisikie vibaya zaidi kuliko kama angeyakuta mawili matatu.

Juma la mwisho kabla ya mfungo, Jumanne, Théodore aliingia. Hakukaa kwenye benchi. Alisimama mbele ya kaunta akavua kofia.

"Kuna njia mpya," alisema. "Haiko kwa sanduku lako."

Zuhura alisukuma kando jora la hariri, akachukua kipande kipya cha kadibodi, akauliza namba ya serikali. Théodore akajibu. Jina la kibao, akajibu. Jina la zamani, hakuna. Inapoanzia, inapoishia, inakokutana na nyingine: majibu yalikuja yakiwa makavu na mafupi kama siku zote, na kalamu haikupata nafasi ya kungoja. Alipofika mstari wa kumi, kabla hajafungua kinywa, Théodore alitangulia.

"Nimeipita mara mbili, kwenda na kurudi. Mara ya pili ilinyesha. Kilomita ya nne kuna maji, lakini unapita. Hali nzuri kiasi. Aliyekagua," na hapa alinyoosha mgongo, "Théodore, mwana wa kantonye."

Zuhura aliandika yote kwa wino mweusi. Kisha akauliza tarehe.